Nani afike kwanza mlangoni?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa hapa Katuba, Lubumbashi. Mdogo wangu wa kiume ana ugonjwa wa akili, huu ni mwaka wa sita. Mwezi uliopita ulimshika usiku, akaanza kupiga kelele na kuvunja viti. Majirani walimfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo, kisha wakaita polisi, naye akalala mahabusu siku mbili bila dawa. Alama za kamba zingali kwenye vifundo vya mikono yake. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba majimbo ya huko yametunga sheria ili anayefika kwanza asiwe polisi. Je, ni kweli? Na sisi tunaweza kupata sheria kama hiyo?

Mama M., Katuba

JIBU

Mama, pole sana, wewe na mdogo wako. Aliyokuambia binamu yako ni kweli, ingawa sheria hizo hazifanani, na nyingi zilipatikana baada ya mtu kufa. Katika jimbo la Virginia, Marcus-David Peters, mwalimu wa biolojia mwenye umri wa miaka 24, alipigwa risasi na polisi mjini Richmond mwezi Mei 2018, akiwa uchi, hana silaha, akili yake imemtoroka. Mwaka 2020 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake, ambayo inataka kila simu ya aina hii ipimwe kwa ngazi nne za hatari, ili wito usio na hatari kubwa uende kwa wahudumu wa afya ya akili, na polisi waitwe pale tu hatari inapokuwa ya kweli. Illinois ilifuata mwaka 2021, kwa kumkumbuka Stephon Watts, kijana wa miaka 15 mwenye usonji, aliyeuawa na polisi mwaka 2012 ndani ya nyumba ya wazazi wake.

Kisa cha California ndicho kinachokukaribia zaidi. Mama yake Miles Hall alikuwa amekwisha kuwaeleza polisi wa mji wao wa Walnut Creek kuhusu ugonjwa wa mwanawe, akitumaini kwamba siku ya shida wangemjua na kumhurumia. Hata hivyo mwezi Juni 2019 walimpiga risasi akafa, akiwa na miaka 23. Nia njema ya mzazi haikutosha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kutumwa isipokuwa polisi. Sheria iliyotungwa kwa jina lake mwaka 2022 inatoza ada ndogo kwa mwezi kwa kila laini ya simu, iliyoanza kwa senti 8, na fedha hizo zinalipia namba 988, ambayo tangu tarehe 16 Julai 2022 Mmarekani yeyote anaweza kuipiga akili yake au ya nduguye inapozidiwa; zinawalipia pia watu wanaomwendea mgonjwa alipo.

Ninasisitiza habari ya fedha kwa sababu sheria isiyo na fedha haimfikishi mtu mlangoni. Mjini Eugene, Oregon, tangu mwaka 1989 gari dogo lilikuwa likizunguka na watu wawili, mmoja wa tiba na mwingine wa kutuliza wagonjwa, wasio na bunduki wala pingu. Miji mingi iliuiga mpango huo. Mwezi Aprili 2025 huduma hiyo ilikoma pale Eugene kwa kukosa fedha, baada ya kuifanya kazi yake kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kuhusu sisi: kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinahakikisha haki ya afya, na kifungu cha 204 kinazipa provensi mamlaka ya kupanga huduma za tiba. Kwa maoni yangu, basi, Bunge la Provensi ya Haut-Katanga lina mlango wa kupitia, bila kungoja Kinshasa ianze. Na hatuanzi na mikono mitupu, kwa maana hapa mjini tuna kituo cha Dr Joseph Guislain cha magonjwa ya akili, kilicho chini ya shirika la Frères de la Charité. Sheria yenyewe ingeweza kuwa fupi: mgonjwa asiyetenda kosa asilazwe mahabusu hata usiku mmoja, polisi akiitwa, ampeleke kwenye tiba, na kila eneo la afya liwe na wauguzi waliofundishwa kumtuliza mtu, wakiwa na fungu lao katika bajeti. Mwandikie mbunge wa provensi wa mji wetu, na umweleze habari ya kamba ile kama ulivyotueleza sisi.

Lakini ugonjwa unaweza kurudi kabla ya sheria kufika. Ukirudi, toeni watu uani, ondoeni visu na chupa, na mtu mmoja tu aseme naye, polepole, bila kubishana naye juu ya sauti anazozisikia. Mpimeni joto: malaria kali, kupungua kwa sukari mwilini na kifafa vinaweza kumfanya mtu aonekane amepagawa, na hapo kila saa moja ina thamani. Dawa zake asiziache ghafla, hata akijisikia amepona. Andikeni pia karatasi yenye majina ya dawa hizo na namba ya muuguzi wake, nakala moja kwa mkuu wa kartie, nyingine kwa jirani mwenye gari. Iandikeni sasa, wakati ametulia, pamoja na yeye mwenyewe, naye ataje ni nani amsemeshe usiku ule na ni nani asimguse.