Kayaki Matema: vifaa vyako vinatosha, shida ni Juni

Mkuu, umeuliza kama kayaki na vifaa unavyovulia Kigamboni vitafaa ukija Matema, huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa, likizo ya Juni. Vifaa vinafaa, tena vingine vimezidi. Kinachonipa shaka ni hiyo Juni.

Mimi nilivua baharini miaka minne kabla ya kuhamia Mbeya. Nilipoona ziwa halina kupwa wala kujaa nikajua nimepata mteremko, hakuna tena kuhesabu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Kumbe Nyasa lina mwera, upepo mkali. Kati ya Mei na Agosti upepo huo unatoka kusini, unalipitia ziwa kwa urefu wake, zaidi ya kilomita 500, na mawimbi yote yanakuja kupasukia huku kwetu kaskazini.

Julai moja niliingia saa kumi na mbili asubuhi, maji yametulia kabisa. Nikapiga kasia kufuata miguu ya milima ya Livingstone. Upepo ulipoanza nikatupa nanga. Kamba yangu ilikuwa mita 30, Kigamboni ilinitosha siku zote. Ikaisha yote mkononi, nanga inaning'inia tu! Pale mlima unashuka moja kwa moja ndani ya maji. Nikageuza kurudi, na karibu kabisa na mchanga wimbi likanishika ubavu, nikapinduka. Nilikuwa nimevaa jaketi la kuokolea, sikuumia. Ila fimbo ya kuvulia na kisanduku cha ndoana havikuwa vimefungwa, vikaenda. Babu mmoja aliyekuwa ameshaanika nyavu akanisaidia kuvuta kayaki, akaniuliza, "Mjukuu wangu, uliona mtumbwi gani mwingine huko?" Sikuwa na jibu. Wote walikuwa wamerudi saa mbili.

Sasa vifaa. Fimbo nzito ya kuvulia kolekole wa baharini iache nyumbani. Njoo na nyepesi, rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ya saizi 2500 au 3000, mshipi wa kusokotwa wa ratili 10 hadi 15, na mbele yake uunge nailoni angavu mita moja na nusu hivi, maana maji ya Matema ni meupe, samaki anauona mshipi. Waya unaofunga kwa ajili ya nguru na mzia, samaki wa baharini wenye meno makali, hauna kazi hapa. Mbasa, samaki wa ziwani tunayemvua huku, hana meno mdomoni. Yeye anakula usipa, dagaa wa ziwa hili, kwa hiyo kijiko (chambo bandia cha chuma) chembamba cha kung'aa, urefu wa kidole, ndicho kinachomdanganya. Kivute taratibu nyuma ya kayaki huku unapiga kasia. Kila kitu kifunge kwa kamba, hata koleo.

Rili ioshe kabla ya kuja, chumvi ya Dar isikaukie ndani. Huku adui yake ni mchanga, usiilaze ufukweni.

Mdomo wa mto Lufilyo usiusogelee na kayaki, kuna mamba. Na masika mbasa anapandisha mtoni kutaga, mimi kipindi hicho namwacha apite. Kabla ya kuingia majini pitia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wakueleze utaratibu wa leseni.

Kama likizo haisogezeki, basi ingia alfajiri na saa mbili uwe umekanyaga mchanga. Halafu niambie kayaki yako ina urefu gani. Ikizidi mita tatu na nusu nitakuelekeza namna ya kuifunga juu ya Noah, kona za Tukuyu zilishaniangushia moja.