Nguzo za trela la boti: maswali yenu

*Nikirudisha boti kwenye trela, upepo wa kusi unaisukuma pembeni. Nguzo za kuiongoza nizifunge wapi? (Msomaji, Kilifi)*

Nyuma kabisa, karibu na taa, moja kila upande. Trela likishazama hizo ndizo utakazoziona, kwa hiyo zipite ukingo wa boti kwa urefu. Acha upenyo wa vidole vitatu kila upande. Ukizibana, wimbi likiinua boti itakwama. Tumia bomba la chuma la inchi moja na nusu, ulivike la plastiki la inchi mbili. La plastiki liachwe huru lizunguke, ili mwili wa boti wa faiba usichubuke.

*Fundi anataka kuzichomelea kwenye fremu. Nimruhusu?*

Usimruhusu. Fremu imevikwa zinki ili isipate kutu, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi tu. Moto wa kuchomelea huiunguza yote, chuma kikabaki uchi kando ya mshono, na kutu huanzia hapo hapo. Moshi wake nao humwachia fundi homa na kutetemeka. Funga kwa yubolti (boliti yenye umbo la U) na bamba, ili siku ukitaka kuzisogeza ulegeze nati tu. Kona ya nguzo yenyewe lazima ichomelewe, lakini kabla ya kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, na bomba litobolewe matundu. Bomba lililozibwa pande zote huweza kulipuka ndani ya zinki ya moto. Mwambie fundi hilo, usidhani analijua.

*Huku kisiwani hakuna pa kuchovya zinki. Rangi itatosha? (Mafia)*

Itafaa, ukiwa mvumilivu kwenye maandalizi. Osha chumvi kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi, acha kikauke, kisha piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Paka rangi ya zinki siku hiyo hiyo. Hewa ya bahari haingoji kesho. Ikikauka, paka rangi ya epoksi mara mbili. Wengi huishia hapo, na ndani ya bomba ndiko kunakooza bila mtu kuona. Mimina rangi juu, zungusha bomba polepole, ichuruzike yote upande wa pili. Tundu la chini liwe wazi daima, maji yasitulie.

*Boliti za stenlesi si bora zaidi?*

Kwenye fremu ya zinki, hapana. Zikilowa maji ya chumvi, zinki iliyo jirani ndiyo huliwa. Tumia boliti zilizochovywa zinki, uzipake grisi, na suuza trela zima kila likitoka baharini.