Muulize Shangazi: Shikamoo haipunguzi cheo

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nimeshona sare za shule Dar es Salaam tangu 1996. Nilianza na cherehani tatu kwenye baraza la nyumba ya mtu Kariakoo, na 2019 nikawaachia wenzangu karakana ya Buguruni ikiwa na cherehani 41. Sasa niko Tanga na wajukuu. Shahada ya uongozi sina. Nina makosa niliyoyalipia kwa fedha yangu, na barua za safari hii zimenikumbusha karibu yote.

*

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Mwaka jana baba aliugua, akaniachia bekari yetu hapa Morogoro, wafanyakazi 19. Mzee wa tanuri yupo tangu mimi nasoma shule ya msingi. Mbele ya vijana ananiita "binti", na mashine ya kukandia ikigoma anampigia kaka yangu aliyeko Dodoma, ambaye hata kukanda hajui. Mwezi wa tatu ilipotea mifuko miwili ya unga. Hakuna aliyefungua mdomo, nikamkata kila mmoja shilingi 15,000. Tangu siku ile nikiingia watu wananyamaza. Nikiwa mpole wananipanda kichwani, nikiwa mkali nina gubu. Nifanyeje waniheshimu?*
*Binti wa Bekari, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa.

Hilo la kuitwa binti tutalifikia. Tuanze na zile 15,000, kwa sababu ndizo zilizowafunga watu midomo. Zirudishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kipengele cha kuchangisha wafanyakazi hasara kama mchango wa harusi. Ukitaka kugusa mshahara wa mtu kwa ajili ya hasara, hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye. Umwandikie chanzo chake, kiasi chake na hesabu ulivyoipiga, umpe nafasi ya kuipinga, naye akubali kwa maandishi. Hata hapo makato hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara wake. Wewe umewakata 19 kwa kosa la mmoja au wawili, au pengine la panya na mtunza stoo asiyejua kuhesabu. Kumi na saba kati yao wanajua hawakuiba, na kila wakikuona wanaiona 15,000 yao.

Usiwarudishie kwenye simu kimya kimya. Wasimamishe wote, useme: nilikosea, fedha yenu hii hapa, unga bado nautafuta. Utajisikia vibaya kwa nusu saa hivi.

Najua kwa sababu na mimi nilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 2011, ule uliotutesa kwa mgao wa umeme na kumalizia na mafuriko ya Dar mwezi wa Desemba, nilikuwa na oda ya sketi 240 za marinda, za bluu, kwa ajili ya shule kufunguliwa Januari. Viuno vilikuwa vya namba tatu: 24, 26 na 28. Fundi wangu mkataji, mtu wa miaka mingi, mkono wake hautikisiki, alitandika majora ya tetroni tabaka kwa tabaka, akachora kwa chaki, akawasha mashine akakata. Zote kiuno 24. Alitambua kosa siku ile ile, Jumanne. Akazifunga mafungu kama kawaida, akaandika namba za uongo kwenye vikaratasi, akazipeleka kwa mafundi. Mimi nilijua Jumamosi saa kumi jioni, nilipochukua moja iliyoandikwa 28 nikaipima kwa futi kamba.

Nilitaka kumfukuza pale pale. Nikamuuliza tu, kwa nini hukuniambia Jumanne, kitambaa kingine tungepata? Akaangalia chini. "Mama, yule dada wa pasi tulimwona."

Dada wa pasi aliunguza blauzi sita mwezi wa nane, nami nikamkata mshahara wake wote wa mwezi. Akaondoka siku ya pili bila kuaga. Nilidhani nimefundisha watu uangalifu. Kumbe nilichowafundisha ni kuficha. Blauzi sita nilizifidia, halafu nikalipa sketi 160. Niliingia Mtaa wa Uhuru kukopa majora mapya kwa aibu, tukashona usiku na jenereta, na zile za kiuno 24 nilikuwa bado naziuza moja moja mwaka 2013.

Kwa hiyo unaponiuliza wakuheshimu vipi, mimi nakuuliza wewe: mkate ukiungua saa nane usiku, unaujua saa ngapi? Ukiujua asubuhi kwa mdomo wa aliyeuunguza, bekari yako ni nzima. Ukiujua kwa mwenye duka anayerudisha kreti, hata wakupigie magoti kila asubuhi, hapana kitu hapo.

Baada ya mkasa ule nilianzisha kikao cha dakika kumi, wima, kuzunguka meza ya kukatia, kabla pasi haijapata moto. Swali lilikuwa moja: jana nini kiliharibika? Siku ya kwanza nilianza mwenyewe, nikasema nilinunua vifungo vya bei rahisi na vinapasuka. Wakanitazama. Nikaleta chai na vitumbua. Wiki nzima walikula vitumbua wakanyamaza. Wiki ya nne binti mmoja wa overloki akasema uzi mpya unakatika kila baada ya sketi mbili, na kwamba umeanza kukatika siku tisa nyuma. Siku tisa! Nilimeza mate, nikamshukuru mbele ya wote, nikapiga simu kusitisha katoni iliyokuwa njiani. Ukimgombeza mtu wa kwanza kusema, wa pili hayupo.

Sasa mzee wako wa tanuri. Je, unamwamkia? Barua yako haisemi, na nina wasiwasi. Mabinti wengi wakipewa ofisi wanadhani bosi ndiye wa kuamkiwa. Yule ana umri wa baba yako. Ingia, mpe shikamoo yake mbele ya vijana wote, apokee, kisha useme, "Mzee, leo tunaanza na mikate midogo." Shikamoo haipunguzi cheo, na amri inayotanguliwa na shikamoo ni ngumu sana kuikataa. Nimewahi kuongoza mafundi waliomzidi mama yangu umri, na sikumbuki aliyeikataa.

La "binti" ongea naye pembeni, mkiwa wawili, mkiwa mmekaa. Mwambie nyumbani mimi ni binti yako siku zote, ila mbele ya vijana niite unavyomwita mwenye kazi, kwa sababu wakikusikia wewe ndiyo watanisikia mimi. Kisha mpe jambo lake. Kama anajua tanuri, tanuri iwe mikononi mwake kwa maandishi: nani anafundishwa, nani anapanga zamu, lini inasafishwa. Mzee asiye na lake atatafuta la kwako.

Na kaka? Huyo ndiye mwepesi kuliko wote, nawe umemfanya mgumu. Mpigie leo, umwombe akipigiwa ajibu maneno matatu tu: mpigie dada yangu. Akishindwa hayo, tatizo lako liko Dodoma, si Morogoro.

La gubu sina dawa nalo. Mwaka 2020 Ruth Zaipuna alikabidhiwa uongozi wa benki ya NMB, mwaka uliofuata nchi ikapata Rais mwanamke, na bado kwenye karakana na bekari mwanaume akigomba ana msimamo, mwanamke akigomba ana gubu. Nilichogundua ni kwamba jina hilo hukuganda pale unapogomba leo kwa kosa ulilolicheka jana. Andika makosa matano makubwa ya kazini na adhabu zake, ubandike karibu na stoo, na mwenyewe uyafuate uliyoyaandika hata siku umeamka vizuri.

*

*Shangazi, ni msimamizi wa vyumba kwenye hoteli ndogo Arusha. Mwenye hoteli ni mwanamke mwenzetu. Kuna dada ana mimba ya miezi saba, na bado anapangwa zamu ya usiku. Nikisema, naambiwa "sisi tulizaa tukitoka shambani na jembe". Nimwambie nini na mimi nibaki na kazi?*
*Msimamizi, Arusha*

Mwambie kwa ratiba, usimwambie kwa hotuba.

Sheria ile ile inakataza kumpanga mjamzito kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na usiku kisheria ni saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miezi saba maana yake ndiyo anauingia muda huo. Akijifungua ana likizo ya siku 84 zenye malipo, 100 wakiwa pacha au zaidi. Akirudi ana ruhusa ya kunyonyesha, isiyozidi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba wa mtoto, kama naye ameajiriwa, ana angalau siku 3, ingawa wengi huzitumia kupokea simu za pongezi.

Chukua kalenda. Weka siku 84, andika nani anashika vyumba gani, nani anaazimwa kutoka jikoni Jumamosi. Mpelekee bosi karatasi hiyo. Wenye biashara wengi, nami nilikuwa hivyo, tunaposikia "uzazi" tunaona pengo; akionyeshwa pengo limezibwa na nani, jembe la shambani anaweza kulisahau. Mtoto wa kwanza kunyonyeshwa karakanani kwangu nilitoa vifungo kwenye stoo, nikatandika mkeka na kutundika pazia la kitenge. Gharama yote haikufikia bei ya jora moja. Mama yule alikaa nami miaka kumi na mmoja.

*

*Shangazi, mimi ni mwanaume, mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Bosi wetu ni mama mwema sana. Anatuita wanangu, msiba ukitokea anafika wa kwanza, siku za kuzaliwa analeta keki. Lakini nina miaka miwili sina mkataba, na mshahara unaingia tarehe 5, mara 11, mara 17. Nilipouliza, alinuna wiki nzima, akasema sisi hapa ni familia. Nimekosa adabu?*
*Mwana wa Kambo, Mwanza*

Hujakosa adabu, na jina ulilojipa limenichekesha hadi mjukuu akaja kuniangalia.

Nami niliitwa Mama, nilienda misibani, nililipa ada za watoto wasio wangu. Sijutii hata moja. Lakini ukimwambia mtu sisi hapa ni familia, usishangae siku akidai urithi. Undugu wa kazini ni mtamu kwa mwenye kazi, kwa sababu ndugu haombi malipo ya ziada na haulizi tarehe. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi pale anapoanza: kazi gani, tangu lini, saa ngapi, wapi, kwa malipo gani. Bosi wako amechelewa miaka miwili.

Ila usianze na "sheria inasema". Mwanamke aliyejenga duka la saruji na mabati kwa mikono yake ameambiwa sheria inasema na watu wengi, wengi wao wakitaka kitu kidogo. Nenda siku ya kawaida, si tarehe 6 ukiwa na hasira. Andika rasimu wewe mwenyewe, si mhasibu wewe? Ukurasa mmoja, majina yameachwa wazi, yafaa kwa wote. Useme, "Mama, nimejaribu kupunguza kazi yako, naomba uipitie." Kuisahihisha ni rahisi kuliko kuianza.

La tarehe nakisia, kwa sababu nimekaa kwenye kiti hicho. Pengine wateja wanamchelewesha. Mwaka 2004 shule moja ilinilipa miezi minne baada ya kuchukua sare, na mimi kwa kuogopa kuonekana nimeshindwa nikawaambia mafundi kila Ijumaa "wiki ijayo". Ijumaa ya tatu wawili wakahama. Wangekaa, waliniambia baadaye, kama ningewaambia tarehe ya kweli hata kama ni mbali. Wewe unayeshika vitabu unaona nani hajalipa. Mpendekezee tarehe moja ambayo fedha huwa ipo, hata iwe 10, ibandikwe ukutani. Akikataa karatasi na akakataa tarehe, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, ipo, wala kufika pale si kumtukana mzazi.

Na akiwaita tena wanangu, itikeni. Yule fundi mkataji wangu wa sketi za kiuno 24 bado ananiita Mama. Wiki iliyopita alinipigia kutoka Buguruni saa moja asubuhi, nikashtuka nikidhani kuna msiba. Akasema wamekata mikono ya mashati 60, yote ya kushoto. Hata chai hawajanywa, na kila mtu ameshaambiwa. Nikamuuliza, sasa mimi mstaafu unanipigia ya nini? Akasema, mazoea.