Nyuzi 40 sio mara mbili ya nyuzi 20?

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu yuko fomu 4, kanibishia eti nyuzi 40 sio mara mbili ya nyuzi 20, akaanza mambo ya kelvini. Nifafanulieni, na hiyo sifuri ya -273 nani alienda kuipima? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mdogo wako yuko sahihi kabisa ndugu yangu. Sifuri ya selsiasi ni pale barafu inapoyeyuka tu, sio kwamba joto limeisha. Ni kama geji ya upepo wa tairi, tairi likiwa flati inasoma 0 wakati ndani bado kuna hewa yenye presha sawa na ya nje. Kelvini, kipimo kingine cha joto, inaanzia kwenye sifuri yenyewe, ile ya nyuzi -273, kwa hiyo unajumlisha 273: nyuzi 20 ni kelvini 293 na nyuzi 40 ni 313, yani joto limepanda kama asilimia 7 tu.

Sasa nani aliipima? Hakuna aliyefika huko na hakuna atakayefika, gesi ndo ilituonyesha. Chukua flaski yenye hewa kavu, iliyozibwa isivuje, imeunganishwa na geji inayosoma presha kamili, sio ile ya tairi. Izamishe kwenye barafu inayoyeyuka, tuseme inasoma 100. Ihamishie kwenye maji yanayochemka, iache itulie, itasoma kama 136.6 hivi (ukiwa Dar sawa, ila Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hesabu itabadilika). Nyuzi 100 zimeongeza 36.6, nyuzi moja ni 0.366, sasa rudi nyuma uone ili ile 100 yote iishe unashuka nyuzi ngapi: 273! Weka haidrojeni, weka heliamu, mstari wa grafu unaelekea palepale, na mi hapo ndo huwa nasisimka kila nikifundisha.

Mfaransa Guillaume Amontons aliliona wazo hili miaka ya 1700 mwanzoni, William Thomson, yule Lord Kelvin, akapendekeza skeli yake 1848. Mwaka 1908 kule Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Kamerlingh Onnes akageuza heliamu kuwa kimiminika kwenye kelvini 4 hivi, na huko kipimajoto cha zebaki hakisaidii kitu maana zebaki inaganda kwenye nyuzi -39, ndo maana walitegemea kipimajoto cha gesi.

Mwambie mdogo wako kwenye mtihani abadilishe kwenda kelvini kwanza ndo agawanye, na aandike 293 K bila kile kiduara cha nyuzi.