Achana na sitapu mia: jinsi ninavyofundisha misuli ya katikati

Karibu kila mteja anayekuja kwangu hapa Kirumba, Mwanza, anataka kitu kimoja, kitambi kiondoke. Namwambia mapema kabisa: sitapu, yaani kulala chali na kujiinua mpaka ukae, na mazoezi mengine ya tumbo hayachagui kuchoma mafuta ya tumboni. Kitambi tutakimaliza kwenye sahani. Mimi nataka kwanza kujua kama kiuno chake kinahimili mzigo.

Walimu wenzangu wa mazoezi, misuli ya katikati ni ile inayozunguka tumbo na kiuno. Msuli ule wa mbele ambao vijana wanautafuta kwenye kioo, rektasi abdominisi, kazi yake kubwa ni kukunja kiwiliwili. Ubavuni ipo misuli ya mshazari, ya nje na ya ndani, inayogeuza kiwiliwili na pia kukizuia kisigeuke. Ndani zaidi ndipo penye mambo. Transvesasi abdominisi imezunguka tumbo, multifidasi imeshika pingili za uti wa mgongo, juu kuna kiwambo cha kupumulia na chini sakafu ya nyonga, yaani misuli inayofunga nyonga kwa chini. Hivi vinne hukaza pamoja, mgandamizo ndani ya tumbo ukapanda na mgongo ukatulia. Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson walionyesha kwamba kwa mtu asiye na maumivu, transvesasi hukaza kabla mkono haujainuka. Kwa wenye maumivu ya mgongo wa chini, huchelewa.

Kwa hiyo naanza na pumzi. Mtu alale chali, akunje magoti, avute hewa mpaka mbavu zitanuke pembeni, kisha akaze tumbo kama anayesubiri ngumi, huku akiendelea kupumua. Wengi wanabana pumzi. Hapo sisogei mbele mpaka waache.

Baada ya hapo nafuata mazoezi matatu ya Stuart McGill, profesa wa Kanada: kuinua kichwa na mabega kidogo tu, goti moja likiwa limekunjwa na viganja chini ya kiuno, planki ya ubavu, yaani kulala kiubavu na kujiinua kwa kiwiko mwili ukiwa umenyooka, na kupiga magoti na mikono chini, kisha kunyoosha mkono na mguu wa upande wa pili. Shikilia sekunde 10, pumzika, rudia. Mashindano ya planki ya dakika tano, ile ya kuangalia chini mwili ukiwa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu, siyapendi. Ikifika dakika ya pili kiuno kimeshabonyea na mtu ananing'inia kwenye mifupa.

Zoezi ninalolipenda zaidi halihitaji jimu. Dumu la lita 20, mkono mmoja, tembea sehemu tambarare mabega yakiwa sawa, kisha badili mkono. Maji ya kujaa ni kilo 20, basi anayeanza ajaze nusu. Wabebaji wa magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni wana viuno imara, na sidhani kama kuna anayewahesabia sitapu.

Mteja akisema maumivu yanashuka mguuni au mguu unakufa ganzi, simamisha mazoezi, aende hospitali. Na mama aliyejifungua karibuni muulize faraghani kama mkojo humtoka akiruka. Akikubali, kamba ya kuruka iwekwe pembeni, arudi kwenye pumzi, na amwone mtaalamu wa fiziotherapia.