Fomu ya DS-160 inanitoa kabla sijamaliza. Nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Kilifi, na sioni kabisa. Kwenye laptopu yangu natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Nimealikwa kongamano la walimu Marekani, wiki mbili tu, kwa hiyo naomba viza ya B1/B2, ile ya ziara fupi za shughuli na matembezi. Fomu ya DS-160, ile ya kuomba viza mtandaoni, nimeianza mara tatu na mara zote imenitoa nikiwa katikati, hasa pale kwenye habari za kazi. Nilipokwenda saiba, kijana wa pale akaniambia nimwachie pasipoti na simu, atanijazia na kuituma yeye mwenyewe. Nikubali? Halafu kuna mwenzangu alifanya mahojiano mwezi wa tatu. Mtandao unamwambia "Refused", lakini dirishani aliambiwa asubiri. Ashike lipi? La mwisho, mimi huvaa miwani nyeusi kila siku. Nivue kwa ajili ya picha?

JIBU: Mwalimu, tuanze na saa, maana ndiyo inayokutoa.

Mfumo unaopokea DS-160 unakuhesabia dakika 20. Muda huo ukipita bila seva, yaani kompyuta yao, kupokea kitu kutoka kwako, inachukulia kwamba umeondoka, inafunga. Shida iko kwenye hilo neno "kupokea". Unaweza kuchapa mfululizo kwa dakika 25 na kwa seva ukawa umelala, kwa sababu unayoyachapa yanabaki kwenye kompyuta yako mpaka ubonyeze kitufe cha kuyapeleka. Anayeona humaliza ukurasa kwa dakika chache akaenda unaofuata, hata hajui kuna saa inayohesabu. Wewe unasikiliza swali, unasikiliza maelezo yake, unarudi kuhakikisha, unaacha kibodi ukamuulize mtu tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya ajira. Na ukurasa wa kazi ndio unaotaka kumbukumbu kuliko kurasa nyingine: mwajiri, anwani yake, simu yake, tarehe uliyoanza, mshahara wa mwezi, maelezo ya kazi yako. Ukitoka hapo unaulizwa waajiri wa miaka 5 iliyopita, kisha shule ulizosoma kuanzia sekondari. Ningeshangaa kama ungetolewa mahali pengine.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe inakadiria fomu nzima kuchukua kama dakika 90. Hayo ni makadirio ya mtu anayeona na mwenye karatasi zake mezani. Kwa wanafunzi wangu wanaotumia kisoma skrini, huwaambia watenge siku mbili: siku ya kwanza hawaigusi fomu kabisa.

Siku hiyo ya kwanza ni ya Notepad. Fungua faili tupu, andika majibu yako yote kwa Kiingereza, kwa sababu fomu inataka majibu ya Kiingereza, ukifuata mpangilio wa fomu: majina na kuzaliwa, safari, nani analipa gharama, safari zako za zamani, pasipoti, nani unamfahamu kule, wazazi, kazi, elimu. Usisahau kurasa za mitandao ya kijamii. Tangu mwaka 2019 fomu inauliza majina unayotumia huko kwa miaka 5 iliyopita, na watu wengi huanza kuyatafuta saa ile ile wameulizwa. Kila jibu liweke mstari wake peke yake, ili ukifika kwenye swali unakili mstari na kuubandika, basi. Nimesema Notepad kwa makusudi. Word ina tabia ya kuigeuza alama ya ritifaa iwe ile iliyopinda, na fomu huikataa. Kwa mtu anayeona ni kero ndogo. Kwako wewe, ambaye kisoma skrini kinakusomea "Ng'ombeni" vilevile ritifaa iwe imenyooka au imepinda, unaweza kukesha ukitafuta kosa usilolisikia.

Majina yako yaandike yalivyo kwenye pasipoti. Si kama yalivyo kwenye kitambulisho, wala kama wanafunzi wanavyokuita.

Siku ya pili sasa. Ukurasa wa mwanzo una zile herufi za picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Tafuta kitufe cha sauti kando ya picha, nacho kitakusomea. Ukishachagua mahali utakapofanyia mahojiano na kuanza ombi, unapewa namba inayoanza na AA, na unachagua swali la siri. Simama hapo. Nakili namba hiyo kwenye Notepad, andika na jibu la swali la siri herufi kwa herufi, uhifadhi faili. Ukitolewa baadaye hutaanza upya: utaingiza namba hiyo, herufi 5 za kwanza za jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na lile jibu la siri, na utakuta kila ulichohifadhi. Kwa maelezo yako nahisi mara zote tatu ulianza ombi jipya, ilhali la kwanza lilikuwa bado linakusubiri. Ombi hukaa huko siku 30. Unaweza pia kulihifadhi kama faili kwenye kompyuta yako na kulipakia tena hata siku hizo zikipita.

Kuanzia hapo bonyeza Save kila baada ya majibu matatu au manne, usingoje mwisho wa ukurasa. Kila Save inaifikia seva, na dakika 20 zinaanza kuhesabiwa upya. Ndani ya NVDA, herufi B inakurukisha kutoka kitufe hadi kitufe, E kwenye visanduku vya kuandikia, R kwenye Ndiyo na Hapana, C kwenye orodha za kuchagua. Ukiona herufi zinaandikwa badala ya kukurukisha, bonyeza Insert na nafasi kutoka kwenye hali ya kuandika. Ila jihadhari na jambo moja: ukichagua Ndiyo kwenye baadhi ya maswali, ukurasa unajipanga upya ili kuleta maswali ya ziada, na kisoma skrini kinaweza kukurudisha juu au kunyamaza. Usidhani umetolewa. Rudi kwenye lile swali, ushuke chini yake taratibu, usikilize kilichoongezeka. Na usiache kisanduku kitupu. Kama swali halikuhusu, kando yake huwa kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba halikuhusu. Fika huko kwa herufi X. Ukikiruka, ukurasa hautakupeleka mbele, na orodha ya makosa itawekwa juu kabisa, mahali ambapo wewe umeshapita.

Sasa huyu kijana wa saiba. Kukusaidia anaruhusiwa. Kuituma peke yake, ukiwa nyumbani, hapana.

Fomu ina swali kabisa: kuna mtu aliyekusaidia kujaza? Kama yupo, jina lake na anwani yake huandikwa. Sahihi ya DS-160 ni kule kubonyeza kitufe cha mwisho, na mwombaji ndiye anayepaswa kubonyeza, hata kama kila herufi imechapwa na mtu mwingine. Mzazi au mlezi anaweza kumtilia mtoto wa chini ya miaka 16 au mtu ambaye mwili wake haumwezeshi kabisa. Wewe unatumia kibodi vizuri kuliko hao vijana, na kutoona peke yake hakukuweki kwenye fungu hilo. Kwa hiyo kaa naye, akusomee pale NVDA inapokwama, mwandike kama msaidizi, kisha kitufe cha mwisho ubonyeze kwa kidole chako. Pasipoti usiiache. Nimewahi kuletewa mama mmoja aliyejaziwa hivyo na mtu ambaye simu yake ilikuwa imeshazimwa. Namba ya AA hakuijua, jibu la siri hakulijua, na kwenye kazi aliandikiwa "business", yeye ni mpishi wa hoteli. Hebu fikiria kuulizwa dirishani kuhusu biashara usiyokuwa nayo.

Kujaza DS-160 kwenyewe hakuna malipo. Unachomlipa kijana ni muda wake. Tovuti ya kweli ina anwani inayoishia na .gov; ikikudai pesa ili ufungue fomu, toka. Ada ya viza ya B1/B2 ndiyo inayolipwa, dola 185 tangu Juni 2023. Hairudishwi, na ukishalipa una siku 365 za kupanga miadi.

Hapa kuna kosa linalowachelewesha watu kuliko foleni yenyewe. Namba ya DS-160 uliyoitumia kupanga miadi lazima iwe ile ile ya karatasi ya uthibitisho unayoipeleka siku ya mahojiano, ile yenye msimbo wa mistari. Mtu anajaza fomu, anapanga miadi, anagundua kosa, anajaza nyingine, anafika mlangoni na namba isiyojulikana. Anarudishwa kupanga miadi upya, naye anakuja mtaani kutuambia ubalozi unachelewesha. Wewe umeanza maombi matatu, kwa hiyo uko karibu sana na mtego huu. Chagua moja, lile ulilojaza zaidi, mengine yaache yajifie. Ukilazimika kutuma jipya baada ya kupanga miadi, ingia kwenye akaunti ya miadi ubadilishe namba mapema kabla ya siku yenyewe.

Kama tarehe uliyopewa inaangukia baada ya kongamano, kwanza chukua hiyo tarehe hata kama haifai, ndipo uombe tarehe ya mapema zaidi ukiambatisha barua ya mwaliko. Ombi la kuharakishwa huja juu ya miadi iliyopo. Wakati huohuo waandikie ubalozi kwamba huoni na utakuja na mtu wa kukuongoza. Usingoje kuyaeleza hayo kwa askari wa getini saa moja asubuhi.

Kuhusu mwenzako: mtandao na afisa wa dirishani wote wanasema kweli, ila mtandao unaisema vibaya. Ombi likikosa karatasi, au likihitaji uchunguzi zaidi, afisa hulikataa kwa muda chini ya kifungu 221(g) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Zamani ukurasa wa hali ya ombi ulionyesha kwamba linashughulikiwa. Tangu mwaka 2020 unaonyesha "Refused", kwa sababu kisheria huko nako ni kukataliwa, hata kama kesho kutaondolewa. Neno ni lile lile kwa aliyekataliwa moja kwa moja na kwa anayesubiri. Mimi naona ni uchaguzi mbaya wa neno, umewafanya watu wafute tiketi na kulia bure. Kinachotofautisha ni karatasi aliyopewa dirishani. Ikitaja 221(g), faili liko wazi. Kama aliombwa nyaraka, ana mwaka mmoja wa kuzipeleka, na akiupitisha ataanza upya na kulipa upya. Ikitaja 214(b), maana yake afisa hakuridhika kwamba atarudi nyumbani, na hapo hakuna cha kusubiri: akitaka ataomba upya kwa ada mpya. Awe pia anaangalia tarehe ya mwisho ya mabadiliko kwenye ule ukurasa wa hali ya ombi. Tarehe ikisogea, kuna mtu ameligusa faili, hata kama neno halijabadilika.

Nawe utakapopewa karatasi, muombe afisa akusomee namba ya kifungu kabla hujaondoka dirishani. Ni sekunde kumi tu.

Kuna na swali la kama mfumo kukutoa hivi ni halali. Hukuuliza waziwazi, lakini nimelisikia kwenye maneno yako. Kifungu cha 508 cha Sheria ya Urekebishaji ya Marekani kinazitaka ofisi za serikali kuu zihakikishe mifumo yake inatumika na wenye ulemavu, na kinawataja pia watu wa nje ya ofisi wanaotafuta huduma. Tangu Januari 2018 kipimo chake ni WCAG 2.0, daraja la AA, mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na wenye ulemavu. Mwongozo huo unazungumzia hasa saa za namna hii: kwa kawaida mtumiaji aweze kuizima, kuirekebisha, au aonywe kabla muda haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, kama kubonyeza kitufe cha nafasi, na aweze kufanya hivyo angalau mara kumi. Malalamiko hupelekwa kwenye ofisi inayomiliki mfumo. Ukitaka kuandika, nitakusaidia kuipanga barua: ukurasa gani, ulisikia nini, saa ngapi, toleo gani la NVDA. Lakini barua hiyo haitajibiwa kabla ya kongamano lako, kwa hiyo fomu itangulie.

Miwani utavua. Tangu Novemba 2016 picha za viza za Marekani hazikubali miwani, nyeusi wala ya kawaida, isipokuwa kwa sababu adimu za kitabibu, kama mtu aliyetoka kupasuliwa jicho, tena awe na maelezo yaliyosainiwa na daktari. Macho kama hayafunguki sawasawa, muombe daktari wako barua fupi inayoeleza hali hiyo, uibebe siku ya mahojiano. Picha yenyewe iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita, mandhari nyeupe, mraba wa pikseli 600 hadi 1200 kila upande, na faili isizidi kilobaiti 240. Mpiga picha asikupe ile ya pasipoti ya Kenya akikwambia ni sawa tu.