Camaro ya 1969: namba ya injini haifanani na ya gari

Swali: Niko Marekani, nataka kununua Chevrolet Camaro ya 1969. Muuzaji anasema ni Z/28 halisi, yaani toleo la Camaro la mwendo kasi, lakini namba ya injini haifanani na ya kwenye dashibodi. Niiache?

Jibu: Usiiache bado, ndugu, ila usikubali bei ya Z/28 yenye injini yake ya kiwandani. Kwanza hakikisha umesoma namba inayotakiwa, maana injini ina namba kadhaa na wengi huzichanganya.

Namba ya gari ina herufi na tarakimu 13. Ikianza na 124379N, ni Camaro ya V8 ya 1969 iliyoundwa Norwood, Ohio. Haikuambii kama ni Z/28, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa.

Fungua boneti. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna sehemu ndogo bapa kwenye bloku. Ifute kwa kitambaa na kisafishio cha breki; usiguse msasa, utafuta ushahidi. Utaona kitu kama V0315DZ: injini iliunganishwa Flint, Machi 15, na DZ ni injini ya inchi za ujazo 302 ya Z/28. Hiyo haifanani na namba ya gari, wala haipaswi. Inayopaswa kufanana ni ile inayoanza na 19N, ikifuatiwa na tarakimu sita za mwisho za gari. Usipoiona hapo, tafuta juu ya filta ya oili.

Angalia pia uso wa sehemu hiyo bapa. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Mistari ikiwa haipo, bloku ilichongwa upya wakati wa oveholi, na namba unazoziona huenda ziligongwa baadaye. Ukikuta herufi CE hapo, ni bloku mbadala ya Chevrolet, mara nyingi ya waranti, si wizi.

Bila injini yake, dai la Z/28 litategemea makaratasi ya awali, au alama ya X33 au X77 kwenye kibati kilicho nyuma ya injini, kwa magari ya Norwood ya kuanzia Desemba 1968.

Linganisha pia namba ya dashibodi na zile zilizofichwa kwenye bodi, nyuma ya boksi la hita na chini ya paneli iliyo mbele ya kioo. Hizo zikitofautiana, usitoe hata advansi: polisi wanaweza kulichukua gari.